Mdogo Wangu na Ndege wa Himalaya

Mimi ndiye niliyeanza kupenda ndege. Mdogo wangu aliogopa hata mnandi akikausha mabawa yake. Tulipovuka Ziwa Mweru kutoka Kongo tukiwa watoto, nilimwonyesha viota vya kwera kwenye mafunjo ili anyamaze. Kwa hiyo mwalimu mmoja wa Lusaka alipokuja Nchelenge, tulikohamia, kutafuta mtu wa kumzungusha Mofwe, ziwa dogo la jirani, aangalie ndege, alinipata mimi. Mdogo wangu nilimchukua atusaidie kupiga kasia.

Tulimzungusha misimu kadhaa. Siku moja alitukuta ufukweni tukigeuza chisense, dagaa wetu, juani. Akasema kuna safari ya milima ya Himalaya, kuangalia ndege na mahali wanapoishi, na anaweza kuongeza mtu mmoja. Alinitazama mimi kwanza.

"Una pasipoti?"

Nilikuwa na kadi ya mkimbizi. Mdogo wangu aliolewa na Mzambia zamani, akapata uraia. Pasipoti alikuwa nayo.

"Yaya, nisiende?" aliniuliza tulipobaki wawili. Yaya kwetu ni ndugu mkubwa.

"Enda," nikamjibu, bila kuinua macho kwenye samaki.

Alipofika huko, kila jioni alituma sauti kwa simu. Mama aliiweka mezani na kuifungulia mpaka majirani wasikie. "Mama, huku baridi iko nguvu! Leo tumeona tai anabeba mufupa juu sana, anauangusha kwenye mawe upasuke, kisha anakula." Majirani wakashangilia. Mimi nikasema moto unazimika, nikatoka.

Nilimwonea wivu kwa yule tai. Nilimwonea wivu kwa koti aliloazimwa, hata kwa kikohozi alichopata mlimani. Wiki zile furukombe, tai wa ziwani, alikuwa akilia juu ya mtumbwi wangu kule Mofwe, nami sikuinua kichwa. Kwa nini nimwangalie, wakati mwenzangu anaangalia wale nisiowajua hata kwa jina?

Aliporudi, mama alichinja kuku, nyumba ikajaa watu. Walitaka kujua theluji ina ladha gani. Jirani mmoja akauliza, "Na ndege, ilikuwa mukubwa?"

Mdogo wangu akachangamka. "Mukubwa kama kuku wa kizungu! Kichwa kijani, shingo kama shaba, mugongo wa buluu..."

"Hapana, ile ya kupanda! Haikutikisika?"

Watu wakaangua kicheko. Naye akacheka kidogo, akawasimulia ile ya kupanda. Baadaye akanifuata jikoni, akanipa simu. Kwenye picha alisimama ndege wake, rangi zote juu ya theluji. Nilitaka kumrudishia simu.

"Anajenga wapi?" nikajikuta nauliza.

Uso wake ukafunguka. "Hajengi, yaya. Mwanamuke anakwaruza udongo chini ya jiwe, analalia mayai yeye peke yake. Huyu mwenye marangi anatembea tu."

"Kumbe na huko wanaume wako hivyo?"

Tukacheka mpaka mama akachungulia mlangoni. Wivu haukunitoka. Kila alichosimulia kiliniuma, maana nilikiona vizuri mno: msitu wa maua mekundu, ukungu, jiwe lenyewe. Nilipaswa kuwa mimi. Lakini hakuna mwingine nyumbani mle aliyetaka kumjua yule ndege, na mimi nilitaka. Nikamsogezea kigoda, nikamuuliza ndege wake anakula nini theluji ikishafunika ardhi.