Mhudumu wa Baa Aliyekataa Bia ya Kununuliwa

Saa tano asubuhi, baa ndiyo kwanza inafunguliwa. Mama Pacha anashusha viti vilivyopinduliwa juu ya meza, anapangusa, anapanga chupa kwenye friji, za baridi mbele, za moto nyuma. Kabla jasho halijamkauka, mafundi watano wa jengo la jirani wanaingia kutafuta chakula cha mchana. Anawasikiliza wote kwa mpigo, bila karatasi wala kalamu, na kila mmoja anapata alichoagiza.

Pembeni ya kaunta imesimama glasi yake kubwa. Ndani yake ni maji.

"Watu wanaona maji," anasema. "Mimi naona vita niliyoshinda."

Mama Pacha ana miaka arobaini na mmoja, na kumi na sita kati ya hiyo ameimalizia hapa hapa, kati ya kaunta na meza kumi na nne. Jina hilo amelipata kwa mabinti zake wawili waliozaliwa siku moja. Sasa wana miaka kumi na minne na wameshampita urefu.

Asiyeijua baa atadhani kazi ya mhudumu ni kubeba trei. Kumbe ana kazi ya pili ambayo haikuandikwa popote, nayo ni kunywa. Mteja akiagiza yake, humwambia mhudumu naye achukue moja. Ukikataa, umemdharau. Ukikubali, bosi anafurahi kwa kuwa chupa imetoka.

Mama Pacha alikuwa akikubali. Chupa yake ilikaa kaunta, anapita, anapiga funda, anaendelea na safari. Hakuwahi kupepesuka hata siku moja. Jioni alirudi kwake akiwa wima, akapika, akakagua madaftari ya watoto.

"Ningekuambia mimi si mnywaji, na nisingekuwa nakudanganya kwa makusudi," anasema. "Nilihesabu bia niliyoinunua mwenyewe tu. Za kununuliwa sikuzihesabu."

Zilikuwa nne kwa siku. Jumamosi tano.

Aliyemfumbua macho ni mdogo wake wa kike, aliyegundulika ana saratani ya matiti akiwa na miaka thelathini na nane, akakatwa titi la kushoto. Mama Pacha ndiye aliyekuwa akimsindikiza kliniki. Siku moja, wakiwa kwenye benchi, nesi mmoja mtu mzima, mwenye sauti ya kukemea hata anaposalimia, akamgeukia yeye. Akampandisha kwenye mizani, ikasoma kilo tisini na nne. Akamwuliza kama anatembea, kama anavuta sigara, kama alinyonyesha. Mapacha walinyonya karibu miaka miwili, na nesi akasema hilo nalo linasaidia. Kisha akafika kwenye pombe.

"Nakunywa kazini tu," Mama Pacha akajibu.

"Titi halijui kama uko kazini," nesi akasema.

Mama mwenye binti, hapa soma taratibu. Nesi alimweleza kwamba pombe, hata kidogo, inaongeza hatari ya saratani ya matiti, na inavyozidi ndivyo hatari inavyopanda. Haijalishi ni bia au mvinyo, wala nani kalipa. Unene nao unaiongeza, hasa hedhi ikishakoma. Kuuchosha mwili kidogo kila siku kunaipunguza. Na kwa kuwa ugonjwa umeshabisha hodi kwa mdogo wake, yeye hana nafasi ya kufanya mchezo.

Nesi hakumpamba kwa maneno matamu. Alimwambia wapo wasioonja hata tone wakaugua, na wapo wanywaji waliozeeka salama. Hatari inapunguzwa, haifutwi. Ndiyo maana mwanamke ayajue matiti yake, na akigusa uvimbe, au akiona ngozi imekunjamana au chuchu inatoa majimaji, aende akaonwe upesi.

Asubuhi iliyofuata alikataa bia ya kwanza.

Aliyekataliwa alikuwa mkandarasi mmoja, mteja wa meza ya dirishani kwa miaka sita, aliyezoea kumwita shemeji. Alimwuliza kama ameokoka. Alipoambiwa hapana, akauliza kama ana mimba, na meza nzima ikacheka. Siku ya tatu akahamia upande wa mhudumu mwingine. Wenzake watatu wakamfuata.

Bosi, mama mjane anayeijua baa yake mpaka msumari, hakuchelewa kumwita jikoni.

"Mhudumu asiyekunywa anamfanya mteja ajione mlevi," alimwambia. Akampa mpaka mwisho wa mwezi. Meza zake zijae, au atafute kazi kwingine.

Ada ya mapacha ilitoka kwenye trei ile ile. Mama Pacha anakiri kwamba siku moja alishaifungua chupa.

"Nikasema moja tu, ya kuwatuliza. Nikakumbuka asubuhi ile nimembadilishia mdogo wangu bandeji kwa mkono huu huu. Nikaimwaga."

Wiki ya pili, mchana kweupe, aliifuata meza ya mkandarasi. Hakunong'ona.

"Mdogo wangu amekatwa titi," alimwambia. "Mimi nataka kubaki na yangu yote mawili. Ukitaka kuninunulia, ninunulie maji. Ukinuna, nitakuhudumia hivyo hivyo."

Mkandarasi ana mabinti watatu. Alizungusha glasi yake weee, kisha akamwagiza mhudumu wake mpya.

"Basi mletee shemeji maji. Na yawe ya baridi, asije akasema nimembania."

Toka siku hiyo ukawa utani wa baa nzima. Watu waligombea kumnunulia Mama Pacha maji. Bosi naye akaona jambo ambalo hakulitegemea: glasi zimeacha kuvunjika, oda hazichanganyiki, na saa ya mwisho ya zamu huyu mama yuko mwepesi kama saa ya kwanza. Mwezi ulipokwisha, meza zake ndizo zilizojaa kuliko zote. Bosi akatangaza mbele ya wahudumu wake wote sita kwamba kuanzia siku ile kila mmoja atachagua mwenyewe cha kununuliwa.

Sasa ni mwaka na nusu. Mama Pacha huja kazini kwa miguu, dakika arobaini, na mizani inasoma themanini na moja. Sare yake imepunguzwa mara mbili. Makombo ya kukaanga aliyokuwa akiyatafuna kwa kusimama jikoni ameyapa mgongo. Jumapili mapacha humburuta kupanda kilima cha nyuma ya shule, mmoja akihesabu hatua, mwingine akilalamika. Mdogo wake amemaliza matibabu na mashavu yamerudi.

Hofu haijamtoka. Mabinti walimwuliza kama na wao wataugua.

"Niliwaambia sijui. Lakini ninachoweza kuwapunguzia nitawapunguzia, na wanione nikikifanya."

Jumatatu ijayo baa itafunguliwa saa nane. Wahudumu wote sita watakwenda kwa miguu kwa yule nesi, wakachunguzwe na kufundishwa. Bosi, ambaye ana miaka hamsini na nane na hajawahi kuchunguzwa matiti hata mara moja, alijitolea kukaa nje awashikie mikoba.

"Bosi, foleni ni moja," Mama Pacha alimjibu. Akaomba kalamu, akaandika orodha ya watakaokwenda, na jina la kwanza ni la Bosi.