Sare ya Oloipiri

Tulicheza chesi kwa meseji, mimi nikiwa Karatu kwenye mbaazi zangu, rafiki yangu Mmasai akiwa Oloipiri na ng'ombe wake. Tulijifunza pamoja bwenini, enzi za sekondari, na hakuna kati yetu aliyewahi kuwa hodari. Kwao mtandao unapatikana juu ya kilima tu, kwa hiyo kusogeza kete moja kuliweza kula wiki nzima, nami si mtu wa subira.

Meseji zake zote zilianza na mifugo. Kwao humuulizi mtu habari za nyumbani kabla ya ng'ombe. "Ng'ombe wamekunywa, watoto wazima. Farasi wangu anaruka mbele ya malkia." Mimi Mwiraqw nilimjibu kwa utani: hao ng'ombe mliomwibia babu yangu, wananikumbuka?

Kisha mvua zikakata, msimu wa kwanza na wa pili. Akaandika, "Ng'ombe wamekonda." Baadaye, "Ng'ombe hawasimami, asubuhi tunawanyanyua kwa mikono." Nikaacha utani.

Ubaoni nako askari wetu walikuwa wamefungana katikati, hakuna pa kupenya. Akaomba tukubaliane sare. Nikakataa. Nilijua mchezo ukiisha hatakuwa na sababu ya kupanda kile kilima, na nilimpenda rafiki yule kuliko nilivyowahi kumwambia. Basi nikawa namsogeza mfalme kulia, namrudisha kushoto, naye vivyo hivyo. Mke wangu akautazama ubao juu ya kabati la vyombo.

"Baba, hivi mnacheza au mnalinda?"

"Tunacheza," nikamwambia, kwa ukali usiomstahili.

Meseji ya mwisho ilinikuta shambani nang'oa mbaazi zilizokauka kabla ya kuchanua. "Shemeji yako hajambo. Watoto wazima. Mfalme amerudi palepale mara ya tatu. Kwa sheria ni sare, huwezi kukataa."

Nikairudia kuanzia mwanzo, nikitafuta ng'ombe. Hawakuwemo.

Nilikaa kwenye tuta mpaka jua likanichoma shingo. Nikaandika kwamba nimekubali, na kwamba tuanze mchezo mwingine, yeye atangulie. Najua hatatangulia. Halafu ilibidi nimsalimie, maana huwezi kumwandikia mtu bila salamu, na kidole kikasita juu ya simu.

Nikaanza na watoto.