Memori ya Yero

Laptop ya Jentrix ilikuwa na umri wa kuheshimiwa. Ukiiwasha asubuhi, unaweza kwenda kuchota maji, ukarudi, bado inajikohoza. Kwenye kibanda chake cha uchapaji pale Landless, Thika, ilitosha kwa barua na CV. Lakini binamu yake Akello alikuwa anaolewa Jumamosi, na alishatangazia ukoo mzima kwamba Jentrix ndiye atakayechapa programu za harusi, tena zenye picha. Kila picha ilipofunguliwa, laptop iliganda. Shangazi zao wakaanza kuulizana, kwa sauti ya kusikika, kama kweli hakuna mtu mwingine.

Akampigia simu Kahiga, fundi wa Ruiru waliyesoma naye. Kahiga akamwambia mashini inakosa memori tu, aongeze, ila awe mwangalifu kwa sababu memori za aina mbili zinaweza kutoshea tundu moja na bado zisipatane na mashini.

"Usichukue PC3 ya kawaida," alisema. "Hiyo yako inataka PC3 ero. Ikikosa ero, haiwaki."

Jentrix akaelewa vizuri sana. Amekaa Thika vya kutosha kujua kwamba majirani zake wakisema yero, wanamaanisha yellow, rangi ya manjano. Dukani kwa Abdulnasir akapekua boksi la memori kuukuu mpaka akapata moja yenye stika ya manjano, inang'aa kama ndizi. Abdulnasir akamuuliza kama ana hakika. Akajibiwa kwamba fundi ametaja mpaka rangi.

Ikaingia bila shida, klik. Akawasha. Kioo kikabaki cheusi, halafu pi, pi, pi, kama kifaranga kilichokanyagwa. Akaitoa, akaifuta, akairudisha. Pi, pi, pi. Na leo ni Ijumaa.

Alifika Ruiru ameikumbatia laptop kama mtoto mwenye homa. Kahiga akaifungua, akaitazama ile stika kwa muda.

"Jentu, hii umetoa wapi?"

"Si ulisema yero?"

"Ero."

"Ndiyo hiyo basi. Yero."

"Ero, Jentu. Herufi. Ukitoka K."

Jentrix akahesabu kimoyomoyo, akafika, akaketi. "L?"

"Si ndio nasema? Ero."

Alipomaliza kucheka, Kahiga akamweleza kwamba hiyo L ni alama ya memori isiyohitaji umeme mwingi. Laptop yake haina nguvu ya kulisha ile nyingine, ndiyo maana ilikuwa inalia. Haijaharibika. Kisha akachukua kalamu nene, akamwandikia L kwenye kiganja, ili mdomo wa fundi, unaogeuza kila L kuwa R, usimponze tena.

Abdulnasir aliona kiganja, akambadilishia bila maswali. Laptop ikawaka. Picha ya Akello ikafunguka yote, mpaka mwanya.

Jentrix alikuwa karibu kuprinti alipokwama kwenye ratiba, ambayo bwana harusi, Kinuthia, alimtumia kwa simu. *Saa saba: Kura.* Alikuwa ameichapa hivyo hivyo, akidhani labda ukoo unachagua kamati. Sasa akatazama kiganja chake, akapiga simu.

"Shemeji, hapa saa saba mnapiga kura ama mnakula?"

"Tunakura, shemeji. Kuna pirau."

Akafuta R, akaweka L. Kesho yake, saa saba kamili, shangazi zake ndio walikuwa mbele kwenye foleni, programu mkononi.