Heri Alivyokuja Kuchukua Majibu

Usiku ule nililala nikiwa nimeichukia kazi yangu. Mimi ni daktari wa moyo, na sehemu kubwa ya utu uzima wangu nimeitumia kwenye stenti, kile kijibomba cha nyavu za chuma tunachokipitisha mkononi kwa waya mwembamba mpaka kwenye mshipa wa moyo uliobana, tukakipanua pale ili damu ipite. Nimewawekea watu walioletwa na mshtuko wa moyo, jasho likiwatoka na macho yakiwapinduka, na baadaye wakaamka wakaomba chai. Kwa watu wa namna hiyo sina shaka nayo.

Shaka ilikuwa kwa wale wanaokuja kliniki kwa miguu yao, ambao kifua huwabana wakipanda ngazi, kikaachia wakipumzika. Je, stenti huwaongezea maisha kuliko dawa za kila siku? Swali hilo tulilianzisha wawili, mimi na Daktari Heri, rafiki yangu tangu tukiwa wanafunzi. Wagonjwa waliokubali kushiriki tuliwagawa kwa kura: wengine stenti na dawa, wengine dawa peke yake. Sote wawili tuliamini stenti itashinda.

Heri hakufika mwisho. Figo zilimwangusha kazi ikiwa katikati. Mara ya mwisho nilipomtembelea wodini, amekonda hata saa yake haikai mkononi, aliniuliza jambo moja tu.

"Zaina, wale tuliowapa dawa peke yake. Ikiwa stenti ndiyo bora, si tutakuwa tumewadhulumu?"

Nikamwambia apumzike.

Sasa majibu yalikuwa yametoka, mchana wa siku ile niliyolala nikiichukia kazi. Hakuna tofauti. Waliowekewa na wasiowekewa wameishi sawa. Mwenzetu kwenye utafiti, Daktari Kimaro, aliitazama kompyuta, kisha akasema, "Dokta, tusiyatoe bado. Tuongeze wagonjwa, tuwafuatilie zaidi, pengine mambo yatageuka." Nikamwambia nitampa jibu asubuhi. Nyumbani mume wangu, Abdu, alinitengea chakula, nikasema sina njaa. Nikajilaza, na usingizi ukanichukua upesi kuliko nilivyotegemea.

Nikajikuta nimevaa aproni ya risasi, ile nzito inayotukinga na mionzi, natembea kwenye korido ya hospitali. Ni mchana. Madirisha yako wazi na nje kuna michungwa imezaa mpaka matawi yameinama. Hilo halinishangazi. Nafungua mlango wa chumba chenye mtambo wa mishipa ya moyo, na ndani ni baraza ya nyumba ya mama yake Heri, kule Muheza. Nyumba ile nilifika mara moja tu, siku ya kumzika. Siku hiyo ilijaa watu na vilio. Sasa imetulia, imefagiliwa, majamvi yametandikwa, na Heri mwenyewe amekaa anamenya chungwa.

Amenenepa tena. Mashavu yamemrudi, shingo imemrudi. Amevaa nguo za kijani za kazini. Najua amekufa. Yeye pia anajua, na hakuna kati yetu anayeona haja ya kulisema.

"Umechelewa," ananiambia.

"Kazi."

"Vua hiyo aproni. Huku hakuna mionzi."

Naivua, nahisi mabega yakipanda yenyewe. Ananipa chungwa. Nalishika tu. Siwezi kula cha mtu ninayemletea habari mbaya.

Nikigeuka, baraza imejaa. Wagonjwa wetu wamekaa kwenye majamvi, wa stenti upande huu, wa dawa upande ule, wametulia kama watu waliofika mapema shughulini. Mbele kabisa yupo Bi Sikudhani. Huyu yu hai mpaka leo. Ni mama wa Temeke aliyeangukia upande wa dawa. Kila akija kliniki huniuliza, bila hasira, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusumbua: "Daktari, wenzangu mmewawekea chuma. Mimi nimekosa nini?" Humweleza habari ya kura, naye huitikia kwa kichwa, na safari nyingine huuliza tena. Pale barazani haulizi. Ananitazama tu.

Heri anaweka kisu chini.

"Nimekuja kuchukua majibu," anasema.

"Heri, tumeshindwa."

"Sikukuuliza hilo."

"Stenti haikushinda. Kazi yote ile."

"Wale wa dawa, Zaina. Wamekufa zaidi?"

"Hapana."

"Mioyo yao imeshtuka zaidi ya wenzao?"

"Hapana. Ni sawasawa."

Anainama kunielekea, kama alivyokuwa akiinama kusikiliza kifua cha mgonjwa.

"Sema tena."

"Ni sawasawa. Hakuna aliyepungukiwa."

Anajifunika uso kwa viganja. Mabega yanamtikisika, na mimi nasimama nikidhani nimemliza. Anapofunua uso naona anacheka, kile kicheko chake cha machozi kilichokuwa kikimponza kwenye mikutano ya wakubwa.

"Alhamdulillahi," anasema. "Nimekaa na hilo jambo, Zaina. We acha tu."

Na mimi, niliyeshinda siku nzima naona kazi yangu imekufa, namtazama Bi Sikudhani na ndipo ninapoelewa nilichokibeba. Hakunyimwa kitu. Wala wenzake. Dawa zile tulizowapa, ambazo wao walizihesabu kama zawadi ya waliokosa bahati, ziliwatosha. Kitu kikubwa kinaniachia kifuani, taratibu, kama mkono unaofunguka.

Sijui baraza iliondoka saa ngapi. Tuko wodini, ile aliyofia. Kitanda chake kitupu, na yeye amesimama kando anakunja shuka vizuri, pembe kwa pembe.

"Kimaro anataka tusubiri," namwambia.

"Tumsubiri nani?"

Nashika upande wa pili wa shuka, namsaidia kukunja.

"Sisi tuliuliza swali," anasema. "Hatukucheza kamari. Aliyeuliza akijibiwa, hajashindwa."

"Watasema tulipoteza miaka."

"Waache waseme." Anaiweka shuka juu ya mto. "Ila haya majibu usiniambie mimi tu nikaondoka nayo. Mimi nimeshafika. Waambie wenyewe."

Nyuma yangu nasikia watu wakiinuka. Wagonjwa wanatafuta viatu vyao mlangoni, wanagongana, wanaombana radhi, mmoja amevaa kandambili si yake na wenzake wanamcheka. Wanatoka mmoja mmoja kwenye michungwa, na hakuna anayeshika kifua. Nataka kumwonyesha Heri. Nageuka, namkuta ameshaenda kwenye sinki, ananawa mikono mpaka kwenye viwiko, kama anayejiandaa kwa kazi nyingine. Namwita. Hageuki, lakini najua amenisikia. Maji yanaendelea kutoka.

Yalikuwa maji ya bafuni kwetu. Abdu alikuwa akitia udhu, na dirishani kulikuwa kunapambazuka. Alipotoka akanikuta nimekaa kitandani.

"Unacheka nini?" akaniuliza.

"Heri alikuja."

Akasimama na taulo mkononi. Alimpenda Heri, na ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea.

"Alikuwaje?"

"Mzima. Amenenepa."

Abdu akatikisa kichwa, akajifuta uso. "Amesema nini?"

"Amesema tuwaambie watu."

Hakuuliza watu gani. "Basi waambie," akasema, akaenda kuswali. Mimi nikaenda jikoni, nikala kile chakula cha jana nikiwa nimesimama, chote, bila kukipasha.

Nilimpigia Kimaro kabla sijavaa. Nikamwambia tunayatoa.

"Yalivyo?" akauliza.

"Yalivyo."

Nikamsikia akishusha pumzi ndefu. "Mimi mwenyewe sikulala, dokta. Sawa. Tuyatoe."

Nilitaka kusubiri Bi Sikudhani aje kliniki, lakini niliona siwezi. Nilimpigia nikiwa bado na kanga. Akapokea kwa wasiwasi, kama mtu yeyote anayepigiwa na daktari alfajiri, nami nikawahi kumwambia hakuna baya. Nikamweleza kwa maneno mepesi: tumemaliza kuhesabu, waliowekewa chuma na waliotumia dawa wako sawa, aendelee na dawa zake kama kawaida, asiziache.

"Kwa hiyo sikukosa kitu," akasema.

"Hukukosa kitu, mama."

Nikasikia redio yake ikisoma habari. Kisha akaizima.

"Hebu usikate, daktari," akasema. "Ngoja nimwamshe mwanangu Mwajuma umwambie mwenyewe. Mimi nilikuwa nauliza tu. Yeye ndiye anayekusema kila siku kwamba mlininyima chuma."