Daftari la Diski ya Tatu

Mimi ndiye niliyefuta. Naanza hapo kwa sababu nimechoka kuzunguka.

Katika redio yetu ndogo ya Likasi kuna chumba kisicho na dirisha, na ndani yake mashine nyeusi yenye diski nne. Kila sauti tuliyoirusha hewani imo humo: habari, ibada, matangazo ya misiba, wazee wakisimulia kazi ya mgodi. Kompyuta zote za redio huchota humo kupitia mtandao. Ufunguo wa chumba nilipewa mimi, msichana asiye na diploma, niliyejifunza kazi hii kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, nikirudia maelezo ya Kifaransa mpaka yakanikubali. Kwa hiyo niliogopa kila siku. Nilifunga mlango, nikatembea hatua ishirini, nikarudi kushika kitasa tena.

Mashine hiyo hujiandikia afya yake: joto la kila diski, umeme ulipokatika, sehemu zilizoshindwa kusomeka. Kwenye kioo chake, kwa Kifaransa, maandishi hayo huitwa journaux, moja ni journal. Lakini redioni journal ni taarifa ya habari ya saa sita, na mjini journal ni gazeti, lile ambalo likilala siku moja hufungiwa karanga.

Siku moja mkurugenzi wetu, mama wa makamo asiyesema jambo mara mbili, alinipita kwenye korido akaniambia, "Ile majournal ya zamani, futa yote. Nafasi inaisha." Alimaanisha taarifa za habari za mwaka jana. Mimi, ambaye kichwani mwangu hamkuwa na journal nyingine ila ya mashine, nilifuta rekodi zote za afya ya mashine. Nilishangaa kidogo, maana hazichukui nafasi ya maana. Sikuuliza. Anayeogopa kuonekana mjinga huuliza mara chache sana.

Wiki mbili baadaye taa ya diski ya tatu ikawa nyekundu. Mashine ilikuwa imeikataa. Sauti zetu zilikuwa salama kwenye tatu zilizobaki, lakini nyingine moja ikianguka tungepoteza zote. Mkurugenzi akamwita injenieri wa Lubumbashi, yule aliyetuuzia diski hiyo miezi minane nyuma, ikiwa mpya kama ilivyoandikwa kwenye facture, ankara yake, akaifunga kwa mkono wake. Alipofika alipitisha kidole juu ya mashine, akamwonyesha mkurugenzi vumbi jeupe la malori ya machimbo ya chokaa ya Kakontwe, vumbi ambalo nalipangusa kila asubuhi kwa brashi ya rangi. Kisha akaomba rekodi.

Nilisema ukweli: nimezifuta mwenyewe, na kwa sababu gani. Hapo ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza.

"Ni nani alikufundisha hii kazi?"

"Miye mwenyewe."

"Basi mwalimu yako hakujua kazi."

Mkurugenzi alicheka kidogo, na kicheko hicho ndicho kilichoniuma. Injenieri aliendelea kumweleza kana kwamba mimi simo chumbani: vumbi, kukosa shule, halafu mtu anafuta ushahidi. Akashauri ufunguo uwe kwake, aje mwenyewe kila mwezi. Mkurugenzi akaninyooshea mkono. Ufunguo ulikuwa mfukoni, umeshika joto la mwili wangu.

Nilitoa daftari badala yake. Tangu siku ya kwanza nilikuwa nikinakili kila asubuhi, kwa wino, hali ya kila diski: joto, saa na makosa yake. Babu yangu, aliyetoka Kasai akawa karani wa mgodi, alizoea kusema karatasi haihitaji umeme. Injenieri alilifungua, akavuta kurasa kwa kidole gumba, akatabasamu.

"Mama, hii cahier iko na makaratasi imepasuliwa."

Ilikuwa kweli. Kila nilipokosea herufi nilichana ukurasa nikauandika upya, safi. Usafi wangu ulifanana kabisa na uongo.

Nimewahi kulia katika choo cha redio ile kwa mambo madogo zaidi. Siku hiyo nilikasirika, na hasira ikanipa akili. Kila diski ina kumbukumbu yake ya ndani, isiyofutika pamoja na rekodi za mashine. Inahesabu saa ilizofanya kazi tangu iwashwe mara ya kwanza, na makosa yake ya mwisho inayaandika kwa saa hizo. Na nilijua jambo jingine, ambalo nilikuwa nimelinyamazia miezi minane. Asubuhi ile alipoifunga, niliandika saa za diski: elfu kumi na saba na ushee, karibu miaka miwili. Nikadhani nimesoma vibaya. Mimi ni nani nimsahihishe injenieri?

"Mama," nikasema, "ufunguo nitautoa. Lakini kwanza tuulize diski yenyewe."

Nilimwomba injenieri aisome kwenye kompyuta yake, kwa mikono yake, mtu asiseme nimeigusa. Alisita. Mkurugenzi akavuta kiti, akaketi. Makosa matano yalipotokea kwenye kioo, kila moja nililisoma kwanza daftarini, kwa sauti, kabla yeye hajafungua kinywa. Yote matano yalilingana. Kisha ikaja jumla ya saa: elfu ishirini na tatu, na miezi minane haifiki hata elfu sita. Mkurugenzi alianza kuhesabu miezi kwa vidole, akaacha.

"Injenieri," alisema, "hii diski ilizaliwa mbele ya facture yako."

Alieleza kitu kuhusu ghala lililomuuzia. Sikumsikiliza. Nilikuwa nikiandika saa hizo daftarini, na sikujali nani anaona.

Juma lililofuata alirudi na diski nyingine ndani ya mfuko ambao haujafunguliwa. Alipotaka kuitumbukiza kwenye mashine nilisimama mbele yake, nikamwambia angoje, tusome saa kwanza. Alingoja. Zilikuwa sifuri. Nikaandika. Mkurugenzi hakuniomba radhi, wala hakuuliza tena habari za ufunguo.

Daftarini, kwenye siku ile ya korido, niliongeza mstari: Leo nilifuta journaux. Kosa langu, sikuuliza. Neno la mwisho nilikosea herufi, nikalikata kwa mstari mmoja nikaliandika tena pembeni. Limekaa vibaya. Kila nikipita hapo vidole vinaniwasha, lakini ukurasa ule sijauchana, na sitauchana.