Jina Alilolitoa Nomagugu

Mkurugenzi hakutaka mengi kwa Nomagugu Tshuma. Alitaka jina moja tu. Gazeti lao pale Bulawayo lilikuwa limebaki kurasa kumi na mbili, wasomaji wamehamia kwenye simu, na kila mkuu wa dawati aliambiwa apunguze mtu. Nomagugu alikuwa na wawili: mzee Mafu, msahihishaji aliyekaa kazini miaka thelathini na moja, na Thandolwenkosi, binti wa tovuti, aliyerusha habari mtandaoni kabla chai haijapoa.

Akaandika "Mafu". Hata dakika haikupita. Ule wepesi ndio uliokuja kumtafuna.

Maana alipokuwa mgeni kazini, Nomagugu alichanganya majina kwenye tangazo la msiba, mtu mzima wa afya akaitwa marehemu. Mafu ndiye aliyekwenda kwa mhariri akasema kosa ni lake. Akala barua ya onyo, na hakuwahi kumkumbusha.

Siku barua za kuachishwa zilipogawiwa, Mafu alifungasha kamusi yake, akaja mezani kwa Nomagugu.

"Mwanangu, asante."

"Ya nini, baba?"

"Nimesikia wakuu wa madawati mliitwa huko juu. Najua ulinipigania."

Nomagugu aliinamisha kichwa. "Nilijaribu, baba."

Jumapili MaDube, mke wa Mafu, akamletea kikapu cha njugu mawe. Watoto walizila zikaisha. Yeye hakuonja hata moja.

Alivumilia miezi mitatu, kisha akaenda mtaa wa Mpopoma, nyumbani kwa mzee. Alimkuta Mafu barazani akisahihisha insha za wanafunzi.

"MaDube! Teleka chai, bosi wangu kaja!"

"Ngoja kwanza, baba. Sikukupigania. Jina lako nililitoa mimi."

Mafu akavua miwani, akaifuta kwa shati.

"Walikulazimisha?"

"Waliniambia nichague."

"Ukafikiri sana?"

Angeweza kudanganya tena. "Hapana, baba."

MaDube akatoka na trei, anacheka. "Mzee wako huyu, siku hizi anasahihisha mpaka mahubiri ya mchungaji!" Akawatazama, kicheko kikamkauka.

"Kunywa chai," Mafu alisema, na alipomwona ameshika kikombe akaendelea. "Kwa kuchagua sikulaumu. Hata mimi ningembakiza yule binti. Lakini ulipokea asante yangu. Nilisimama kanisani nikakutolea ushuhuda, watu wakapiga makofi."

Alimsindikiza mpaka getini. "Karibu tena" hakusema.

Jumapili iliyofuata Nomagugu, ambaye si wa kanisa lile, alikaa benchi la nyuma. Wakati wa ushuhuda ulipofika akasimama.

"Mimi ndiye yule mliyempigia makofi," alisema. "Aliyemwachisha kazi mzee Mafu ni mimi, kisha nikamwongopea."

MaDube aligeuka kumtazama, Mafu hakugeuka.

Ibada ilipokwisha, mzee alimpa mkono pale mlangoni.

"Umefanya vyema, MaTshuma," alimwambia, kwa adabu ile wapewayo wageni.