Wimbo wa Kuchunia Chai

Juzi nilikuwa harusini huko Sosiot, sahani ya pilau mkononi, di-jei akauweka ule wimbo. Unaujua, rafiki yangu. Siku hizi harusi haiishi bila huo. Vijana waliruka, hata waliokuwa wakila wakaacha chakula. Wazee wawili kando yangu wakaanza kubishana, mmoja akisema huo ndio wimbo wa kwetu, mwingine akisema ulifaa kupigwa marufuku zamani. Mimi niliweka sahani chini.

Kwetu, kule juu ya Kiptere, ulikuwa wimbo wa kuchunia chai. Kogo, ndivyo tunavyomwita bibi, ndiye aliyeuleta shambani. Mumewe aliuimba akienda vita vya wazungu, hakurudi, na huo wimbo ndio kitu pekee alichomwachia, maana hata picha hakuwa nayo. Ulisifu vilima vyetu na kumtisha adui wa ng'ambo ya mto. Wanawake walichuna kwa zamu, leo shamba hili, kesho lile, na mdundo wake ulikwenda sawa na mikono: unachuna, unachuna, unarusha majani nyuma ya bega, kikapuni. Jumamosi sisi watoto tulichuna nao, nguo zimelowa umande hadi kiunoni, tukiwazia ugali na mursik, maziwa ya kibuyu yenye ladha ya mkaa. Jirani yetu, mama aliyetoka Kisii, ng'ambo ya huohuo mto, aliitikia kwa sauti kuliko wote.

Halafu vikaja vita vya ukabila. Vijana wa kwetu walishuka bondeni na mishale wakiimba wimbo uleule, na nyumba ya jirani ikachomwa. Alikimbilia uwanja wa kanisa na watoto wake. Chai yake iliachwa ikawa miti. Aliporudi, hatukujua kama angekaa. Kogo alimrudisha kwenye zamu bila kumuuliza mtu.

Siku hiyo ya kwanza, binti mmoja akauanzisha wimbo. Hakuwa na nia mbaya. Mikono ikishika kasi, mdomo hufuata. Jirani akaacha kuchuna. Akavua kikapu, akakiweka chini, akaanza kukaza leso yake kama mtu anayeondoka.

"Nyamaza," kogo akasema. "Hiyo wimbo ni yangu. Kwa hii zamu haitaimbwa tena."

"Sasa tuimbe nini, kogo?" binti akauliza. "Za kanisa ni za polepole. Kikapu haitajaa, na lori itatuacha."

"Basi isijae."

Jirani akarudisha kikapu mgongoni. Na kweli hakikujaa. Karani wa kituo cha majani alitufokea jioni ile mpaka mate yakaruka, na kogo akachukua kikapu chake akaenda nyumbani.

Tangu hapo hakuuimba popote, hata jikoni peke yake. Nilikuwa nikimwona akisonga ugali, midomo inaanza kucheza, halafu anaifunga. Nilimwonea huruma sana.

Alifariki miaka ya tisini ikielekea kwisha. Kaburini, nyimbo za kanisa zilipomalizika, jirani akajitokeza mbele.

"Huyu mama alinyamaza juu yangu," alisema. "Leo wacheni aende na wimbo yake."

Akauanzisha yeye mwenyewe, vilima, mto, adui na yote. Tukaitikia mmoja mmoja. Nililia kuliko nilivyolia jeneza lilipotoka nyumbani.

Siku hizi mashine ndizo zinazochuna, na mashine haina haja ya wimbo. Zamu zilikufa. Kikapu cha kogo kinawekewa viazi, na jirani naye tulimzika. Wimbo ndio uliobaki, tena una nguvu kuliko zamani. Pale Sosiot kulikuwa na kitoto kilichoujua wote, kinaruka na kiatu kimoja. Nilitamani kukiita nikieleze. Lakini wimbo hufundishwa kwa kuimbwa. Kule kunyamaza kwa kogo nitakifundisha vipi?